Ishara ya Mikono Iliyofichwa

Mtaimbo uligota.

Enesia Tweve aliuinua, akasogea hatua moja kuelekea kona ya tangi la mafuta, akauchomeka tena kwa nguvu zote za mabega yake. Ukazama kidogo katika theluji laini, kisha ukagota kwa sauti kavu iliyompanda mpaka viwikoni. Mara ya tatu hakuhitaji kusikiliza. Chini ya ile theluji mpya, iliyolala kwa upole kama unga uliochekechwa, lilikuwamo tuta la barafu lenye kimo cha kumfikia kiunoni. Greda lililisukuma pale siku ya Jumatatu. Jua la Jumatano likaliyeyusha juujuu, baridi ya Alhamisi ikaligandisha kuwa kama zege, na upepo wa alfajiri hii ukalifunika na kulilainisha hata likaonekana kama mwinuko wa kawaida wa ardhi.

Akalipima kwa macho. Ndege yenye mabawa ya juu ingepitisha bawa lake hapo bila kugusa kitu. Yenye mabawa ya chini ingelikumba tuta kwa bawa la kushoto. Na ndege iliyozuiwa bawa moja juu ya barafu huzunguka kama mlango, ikipeleka pangaboi lake moja kwa moja mahali anaposimama mwongozaji kama yeye, anayeielekeza ndege kwa mikono.

Jambo hilo hakulisoma kitabuni. Lilimfanya mjane.

Alivuta redio kutoka kifuani. "Mnara, hapa Enesia."

"Sema, dada. Nakuona tangu saa moja unafukua kama fuko," alijibu Lutengano Mbilinyi, mkuu wa mnara wa Ihanga, mtu aliyefanya kazi naye tangu theluji ya kwanza.

"Kona ya tangi pana tuta la barafu, kaka. Mita moja hivi. Limefunikwa. Liingize kwenye Kiongozi."

Akamsikia akibonyeza vitufe vya ule mtambo wa kuongoza ndege, kisha akikohoa. "Kiongozi anasema ni theluji laini. Sentimita ishirini."

"Kiongozi hana mtaimbo."

"Najua hana. Lakini kanuni unaijua: neno la mwongozaji haliingii mpaka macho ya kwenye nguzo yalithibitishe. Mimi naweza kuliandika katika daftari langu la karatasi tu."

"Kanuni ya nani hiyo?"

Wote wawili walijua aliyeiandika: Mhandisi aliyeubuni mtambo, ambaye saa ile alikuwa angani akija Ihanga.

"Na greda?" akauliza Enesia.

"Mafuta yake yameganda tangu jana. Limelala bandani kama ng'ombe mgonjwa."

"Basi andika kwenye daftari. Saa na dakika. Kisha mwambie Mhandisi kwa redio, huko huko angani aliko."

Ulipita muda. Enesia alisimama akitazama uwanja wote: njia ya kurukia iliyofagiliwa, nguzo kumi na mbili zenye macho ya kioo, na, mbali zaidi, miteremko iliyokuwa mashamba ya viazi na ngano kabla mataifa hayajatandaza pazia angani. Pazia lile la vumbi liliwekwa ili kupunguza ukali wa jua, na pwani lilipunguza kweli. Huku nyanda za juu kipupwe kiligeuka kitu kingine. Tangu Juni mpaka Septemba barabara zilikatika, na wagonjwa, dawa na mbegu vilisafiri kwa ndege ndogo au havikusafiri kabisa.

Redio ikakwaruza. Sauti iliyotoka haikuwa ya Lutengano.

"Kamwene, shemeji," alisalimia Mhandisi Lwidiko Mahenge kwa uchangamfu, mlio wa injini ukivuma nyuma yake. "Nimepata ujumbe wako. Leo ni siku ya Kiongozi, mwache afanye kazi yake. Wewe simama tu pale mbele, sheria itimie. Kesho utapumzika."

Enesia aliirudisha redio kifuani.

*

Mbele ya banda la abiria alisimama Kamishna Zuhura Mshangama wa Idara ya Njia za Anga, amejifunga mablanketi mawili juu ya koti lake, pamoja na karani wake aliyebeba kinasa picha. Alikuja Ihanga kwa jambo moja. Ikiwa Kiongozi angeiongoza ndege ya Mhandisi kutoka njia ya kurukia mpaka maegesho bila dosari, kufikia mwisho wa mwezi waongozaji wote wa nyanda za juu wangeondolewa kazini. Sheria ilidai kwamba, kwa mara hii ya mwisho, mwongozaji mmoja asimame mbele ya ndege na mtambo uzisome ishara zake.

"Wewe ndiwe mjane wa Yoramu Chaula?" aliuliza Kamishna.

"Ndimi."

"Nimeisoma taarifa ya ajali ile. Imeandikwa, 'Mwongozaji hakutoa ishara yoyote.'"

"Na picha uliiona, mheshimiwa?"

"Niliiona. Mtu amesimama katika theluji. Mikono yake haionekani."

"Aliificha ndani ya koti," alisema Enesia. "Ndiyo ishara yenyewe."

Kamishna alimgeukia vizuri. Enesia akamweleza bila kupamba, kama alivyokwisha kuwaeleza wengine wengi. Miaka ya kwanza ya theluji waongozaji hawakuwa na glavu za maana, na mikono iliyokufa ganzi haiwezi kuongoza ndege. Hivyo mwongozaji aliyehitaji kuipasha mikono yake moto aliificha, na rubani akangoja. Baadaye desturi ile ikawa sheria ya kazi. Mwongozaji akiona hatari asiyoweza kuieleza kwa mkono mmoja wala miwili, huificha yote miwili kifuani. Maana yake ni kwamba hakuna njia na hakuna anayekuongoza. Rubani huzima injini kwanza, kisha hukanyaga breki, kwa sababu juu ya barafu breki haishiki ndege ambayo injini inaivuta. Halafu huweka viganja vyote viwili kwenye kioo cha mbele, ili aliye nje ajue kwamba hakuna mkono ulio karibu na ufunguo na kwamba anaweza kulisogelea pangaboi.

"Mtambo haukufundishwa hayo?"

"Mtambo ulifundishwa kwa picha za mume wangu za misimu kumi. Ndani yake zilikuwamo saa nyingi za ndege zilizosimama zikingoja. Mhandisi akaona saa zile ni uchafu. Akauagiza mtambo kwamba usipoona mikono, ujue hakuna neno jipya, uendelee na neno la mwisho."

"Na neno la mwisho lilikuwa?"

"Lilikuwa njoo."

Karani aliacha kupiga miguu yake chini kwa baridi.

"Kwa nini hamkulisema jambo hili mbele ya baraza la uchunguzi?"

"Tulilisema. Waongozaji tisa tulisimama, mmoja baada ya mwingine. Tukaambiwa kwamba tunatetea ugali wetu. Ndipo akaulizwa Mhandisi Mahenge, ambaye alikaa misimu miwili chini ya mume wangu akijifunza uwanja huu, akilala chumba cha wageni nyumbani kwangu na kuniita shemeji. Akanyanyua Biblia, akaapa kwamba ishara hiyo hajapata kuisikia."

"Neno la watu tisa dhidi ya kiapo kimoja," alisema Kamishna taratibu.

"Kiapo kilikuwa na shahada, mheshimiwa."

Kamishna hakucheka. "Mimi naweza kulifungua upya faili la Yoramu Chaula. Uwezo huo ninao. Lakini siwezi kulifungua kwa huzuni ya mjane. Nahitaji jambo ambalo mtu hawezi kulikana."

Upande wa mashariki mlio mwembamba wa injini ulianza kusikika. Ndege ilitokeza chini ya mawingu, nyeupe, mpya, mabawa yake yameshikamana chini ya tumbo.

Enesia alivaa glavu zake. Miaka minne aliitunza chuki yake kwa nidhamu ile ile aliyofundishwa na masista kutunza Sala za Asubuhi. Hakuiruhusu ilale wala haikumtoka mdomoni hovyo. Aliifahamu kila pembe yake. Hata hivyo hakuwahi kujua itatumika kwa kitu gani mpaka dakika ile, alipoyaona mabawa ya chini yakiinama kuelekea uwanjani. Mhandisi alikuwa anakuja kwenye kona ya tangi, akiongozwa na mtambo wake, kwa kanuni yake.

*

Ndege ilitua vizuri. Ilipofika mwisho wa njia ya kurukia, taa ya kijani iliwaka juu ya kila nguzo, kuonyesha kwamba Kiongozi ameishika. Kipaza sauti cha mnara kikatangaza kwa sauti ile tulivu ambayo watu wa Ihanga walikwisha kuichukia: "Njia iko wazi. Endelea."

Enesia alisimama mahali pake, hatua chache mbele ya kona, tuta likiwa kuume kwake. Hapo ndipo aliposimama Yoramu. Aliinua mikono yote miwili na kuivuta kuelekea mabegani, mara moja, mara ya pili, kwa mwendo mpana unaoonekana hata theluji ikianguka. Njoo.

Ndege ikaja kwa mwendo wa mtu atembeaye. Alimwona Mhandisi nyuma ya kioo, miwani yake ya jua, skafu yake nzuri. Alikuwa amekunja mikono kifuani, ili Kamishna aone kwamba binadamu hagusi kitu. Alikuwa akitabasamu.

Mita sitini.

Ishara ya kawaida ya kusimama ilikuwa nyepesi kuliko zote: mikono miwili kukingamana juu ya kichwa. Kiongozi aliijua. Angeisoma na kuizuia ndege kabla ya pumzi ya pili. Mhandisi angeshuka, angetazama tuta, angesema kwamba mfumo umefanya kazi pamoja na mwongozaji kama ilivyokusudiwa, na angemshukuru shemeji yake mbele ya karani. Jina la Yoramu lingebaki pale lilipo, katika sentensi moja ya taarifa, na watoto wa shule ya uongozaji wangeendelea kuisoma kama mfano wa uzembe.

Mita arobaini. Njoo, ilisema mikono yake. Njoo.

Alijaribu kusali, akaona kwamba sala aliyonayo ni ya namna ambayo haifai kupelekwa kwa Mungu, akaiacha. Alifahamu kwa ukamilifu anachokifikiria. Mtu yule alikuwa na mama kule Ikuwo. Alikuwa na binti wawili ambao mmoja wao Enesia mwenyewe alimpakata siku ya ubatizo. Na pangaboi, ndege ikizunguka, lisingechagua. Yeye Enesia alikuwa wa kwanza katika njia yake. Hilo la mwisho halikumsumbua. Alilihesabu kuwa ndilo jambo pekee lililo safi katika shauri lote.

Mita ishirini na tano.

Aliishusha mikono. Akafungua vifungo viwili vya koti, akaiingiza yote miwili kifuani, chini ya kizibao cha rangi ya chungwa, akaikumbatia hapo. Akasimama wima, miguu pamoja, akimtazama Mhandisi usoni.

"Njia iko wazi," kilisema kipaza sauti. "Endelea."

Ndege ikaendelea.

Alimwona akiacha kutabasamu. Alimwona akitazama kuume na kushoto, kwenye theluji laini isiyomwambia kitu, kisha akirudi kumtazama yeye, koti lake, mahali palipopaswa kuwa na mikono. Mita kumi na tano. Enesia hakutikisika. Ndani ya koti vidole vyake vilikuwa vimeshikana mpaka vikauma. Zima, alisema moyoni, na mara ile ile moyo huo huo ukasema, Usizime.

Injini ilikata.

Ilikata kabla breki hazijalia. Pangaboi lilizunguka mara kadhaa kwa uvivu na kusimama, na baada ya hapo tu ndipo magurudumu yakafungwa. Ndege iliteleza juu ya barafu bila sauti, kama sahani inayosukumwa mezani, pua yake ikipinda kidogo. Bawa la kushoto liliingia katika theluji laini na kuikwangua kwa nje. Likasimama. Kati ya ncha yake na barafu ngumu palibaki shubiri mbili.

Ndipo viganja viwili vikatokea kwenye kioo cha mbele. Vilikuwa wazi, vidole vimetanuliwa, vimebandikwa kwa namna ambayo hakuna chuo chochote cha urubani kinachoifundisha. Mhandisi alikuwa akihema kwa nguvu, na kioo kiliingia ukungu kati ya viganja vyake.

"Njia iko wazi," kilisema kipaza sauti. "Endelea. Njia iko wazi. Endelea."

Kamishna Mshangama alikuja akitembea juu ya barafu, blanketi moja limemdondoka, karani nyuma yake. Alifika mbele ya ndege, akamtazama Enesia, akavitazama vile viganja.

Kwenye kioo vidole vilianza kujikunja. Mhandisi alikuwa ameelewa.

"Iache hapo hapo mikono yako, Mhandisi," alisema Kamishna. Hakupaza sauti. "Karani, piga picha. Piga nyingine kwa karibu."

*

Ofisini kwa Lutengano palikuwa na jiko la mkaa na benchi moja. Mhandisi aliketi mwisho wa benchi, skafu mkononi. Alikuwa amekwisha kusema kwamba mguu ulimteleza. Alikuwa amesema kwamba aliliona tuta, naye Lutengano akamfungulia maelezo ya Kiongozi mwenyewe, sentimita ishirini za theluji laini. Alikuwa amesema kwamba alishtuka.

"Mtu aliyeshtuka hukanyaga breki," alisema Kamishna. "Wewe ulizima injini, ukafunga breki, ukaweka viganja kwenye kioo. Kwa utaratibu huo huo. Nani alikufundisha?"

Mhandisi aliinamisha kichwa. Alipozungumza, alizungumza na Enesia. "Shemeji, sikukusudia afe. Nilikata kitu kidogo. Kilikuwa kinatuchelewesha."

"Sikukuuliza ulikusudia nini," alisema Enesia. "Umeulizwa nani alikufundisha."

"Yoramu."

Karani aliandika.

Kisha Kamishna akamgeukia Enesia, na uso wake haukulegea hata kidogo. "Ulijua kwamba mtambo hausomi ishara ile?"

"Nilijua."

"Ulijua kwamba chini pana barafu?"

"Nilijua. Nilitoa taarifa saa moja na dakika arobaini."

"Ulikuwa na ishara nyingine ambayo ingeizuia ndege bila shaka yoyote."

"Nilikuwa nayo."

Lutengano alijongea mbele. "Mheshimiwa, huyu alimjua Mhandisi tangu ujana wake. Alikuwa na hakika kwamba atazima. Andika hivyo, yaishe."

"Kaka Lutengano, usinitafutie pa kujificha," alisema Enesia. "Sikuwa na hakika. Mheshimiwa, andika kwamba sikujua kama atazima. Andika pia kwamba kuna nusu ya moyo wangu iliyotaka asizime."

Mkaa ulipasuka jikoni. Kamishna aliishika kalamu bila kuandika.

"Nikiandika hivyo leseni yako inakwisha leo. Na huenda ukaitwa mahakamani pamoja na huyu."

"Mume wangu mlimwandikia uongo ili kazi ya mtu fulani iendelee. Mimi niandikie kweli, hata kazi yangu ikikoma."

Kamishna aliandika. Ilimchukua karibu saa nzima, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuchagua maneno na alilifuta moja mara tatu. Alipomaliza alimpa Enesia karatasi. Enesia aliisoma mpaka chini, kisha akaichukua redio ya mezani, ile inayosikika katika viwanja vyote saba vya nyanda za juu, akakigeuza kipaza sauti chake kielekee kwenye benchi.

"Soma," alimwambia Mhandisi.

"Shemeji, nakuomba. Waongozaji wote wanasikiliza saa hizi. Wanafunzi wangu nao."

"Ndiyo sababu. Na usiniite shemeji."

Mhandisi alimtazama Kamishna. Kamishna alikuwa akikunja blanketi lake, na hakuinua macho.

Akaipokea karatasi. Akasoma. "Kuhusu ajali ya Ihanga. Taarifa ya awali inafutwa. Mwongozaji Yoramu Chaula alitoa ishara ya kusimama, kwa wakati, kwa namna iliyojulikana kwa waongozaji wote. Mtambo haukuisoma, kwa sababu mbunifu wake aliiondoa kwa makusudi, akijua maana yake, na akaapa kinyume."

Akaishusha karatasi magotini.

"Hujamaliza," alisema Enesia. "Aya ya pili ni yangu. Soma na hiyo, jina kamili, ili wasikie wote."